Pale Stopu Zinapolala: Chati ya Dhahabu na Akaunti Ndogo za Musoma

Usiku wa kuamkia Jumatatu, 4 Desemba 2023, soko la dhahabu la dunia lilifunguliwa saa nane usiku kwa saa za Tanzania. Ijumaa lilikuwa limefunga karibu na dola 2,070 kwa wakia. Muda mfupi baada ya kufunguliwa, bei ikapita 2,100, ikachomoza hadi zaidi ya 2,130, bei ambayo dhahabu ilikuwa haijawahi kuifikia. Kulipopambazuka ilikuwa imeshageuka, na hadi usiku wa siku hiyohiyo ilikuwa chini ya 2,040. Aliyeweka oda ya kununua bei ikivunja 2,080, oda yake ilifunguka akiwa usingizini, na jioni hakuwa na kitu ila hasara. Miezi mitatu baadaye, Machi 2024, bei ikavunja eneo lilelile. Safari hii haikurudi. Aprili ilikuwa inacheza kwenye 2,400, na Oktoba ikakaribia 2,800.

Mivunjo hiyo miwili inabeba swali zima. Eneo lilikuwa moja, chati moja, viashiria vilevile. Mara ya kwanza mvunjo ukawa feki, mara ya pili ukawa wa kweli. Anayedai kwamba indiketa yake ingeitenganisha mivunjo hiyo kabla haijatokea, tumwombe aonyeshe ni indiketa ipi na ilisema nini, kwa tarehe.

Mkoa wa Mara una sababu yake ya kulijali jambo hili. Nyamongo, wilayani Tarime, mgodi wa North Mara unachimba tangu 2002. Buhemba na Kiabakari, upande wa Butiama, palichimbwa dhahabu tangu enzi za Mwingereza, na wachimbaji wadogo hawajaacha kushuka maduarani. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa nchini mwaka 2019, mwenye gramu zake anajua kwamba bei anayotajiwa inaanzia kwenye bei ya dunia, halafu yanafuata mambo ya usafi wa dhahabu, mrabaha na ada. Bei hiyo ya dunia sasa ina wasomaji wengine: vijana wa Kigera, Nyasho na Bweri ambao pengine hawajawahi kushika jiwe la dhahabu, lakini wana XAUUSD, yaani bei ya dhahabu kwa dola, kwenye simu, wanachora mistari, na wanazungumzia ukwasi, yaani oda zilizojazana mahali pamoja, kila siku. Wamefundishwa kwamba bei inaenda kuchota stopu za wadogo kabla ya kuelekea inakotaka, na kwamba kuna viashiria vinavyoonyesha stopu hizo ziko wapi.

Ninachokiona, baada ya kuiweka hoja hii mezani pamoja na historia ya bei yenyewe, ni kwamba sehemu ya kwanza ya mafundisho hayo ni ya kweli kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Chati inaweza kukuonyesha mahali. Haiwezi kukuonyesha mwelekeo. Ndani ya pengo kati ya mambo hayo mawili ndimo akaunti nyingi zinamoungulia, na akaunti ndogo ya dhahabu huungua haraka zaidi kwa sababu ya hesabu isiyohusiana na indiketa yoyote.

Tuanze na stopu. Aliyeuza akitarajia bei ishuke hana njia ya kufunga biashara yake ila kununua. Kwa hiyo stopu losi yake ni oda ya kununua iliyolala juu ya bei. Aliyenunua, stopu yake ni oda ya kuuza iliyolala chini. Juu ya kilele ambacho kila mtu anakiona, basi, kuna lundo la oda za kununua: za walio kwenye kuuza wanaokata hasara, na za wanaosubiri mvunjo ili waingie. Sasa mfikirie mwenye mzigo mkubwa wa kuuza, tuseme benki au mfuko wa uwekezaji. Akiuza katikati ya soko tulivu ataiangusha bei kwa kuuza kwake mwenyewe, kabla hajamaliza hata robo ya mzigo. Anahitaji wanunuzi wengi kwa wakati mmoja, na wanunuzi hao wako juu ya kile kilele. Bei inapofika pale, oda za kununua zinafunguka, naye anazitumia kuuza. Bei inachomoza, inaishiwa nguvu, inarudi.

Haya si maneno ya makundi ya Telegram peke yake. Mchumi Carol Osler, aliyekuwa katika Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, alichambua maelfu ya oda za wateja wa benki moja kubwa ya biashara ya fedha za kigeni, za mwaka 1999 na 2000. Aligundua kwamba oda za kuchukua faida hujazana hasa kwenye namba zinazoishia na sifuri mbili, ilhali stopu za kununua hujazana juu kidogo ya namba hizo na stopu za kuuza chini kidogo. Ndiyo maana bei hugeuka mara nyingi ikifika kwenye namba, na ikiipita hukimbia. Katika kazi yake ya 2005 akaonyesha namna stopu zinavyofungulishana: moja ikifunguka inasukuma bei hadi kwenye nyingine, nayo inasukuma hadi kwenye ya tatu. Hata kabla yake, mchambuzi wa masoko Richard Wyckoff, aliyefariki 1934, alikwisha kueleza bei inayochungulia chini ya eneo kisha ikarudi juu kwa nguvu. Mengi ya yanayouzwa leo kama siri za pesa za wakubwa ni mawazo ya Wyckoff yaliyopewa majina mapya.

Lakini angalia Osler alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na daftari la oda. Aliona stopu yenyewe, bei yake na ukubwa wake. Kijana mwenye programu ya chati ya MetaTrader anaona bei zilizopita tu, na kutokana na bei hizo anakisia stopu ziko wapi. Ukisiaji wake unaweza kuwa mzuri sana, bado unabaki kuwa ukisiaji.

Kuna dhana nyingine inayostahili kusahihishwa hapahapa, kwa sababu inawaumiza watu. Wengi husema "wamenihunt", kana kwamba kuna mtu London anayetazama dola 50 zilizotoka Musoma. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hawamfuati dagaa mmoja mmoja. Wanawasha taa usiku wa giza, dagaa wanajikusanya wenyewe, na wavu unashushwa pale palipojaa. Namba 4,000, kilele cha jana na vilele viwili vilivyolingana ndizo taa za soko. Stopu yako haikuchaguliwa wala haikuonekana. Iliwekwa pamoja na za wengine mahali ambapo mafunzo yaleyale yaliwaelekeza wote.

Tukirudi kwenye historia ya bei, tunapata mifano ambayo ni migumu kuipuuza. Septemba na Desemba 2011, kisha Mei 2012, dhahabu ilishuka hadi eneo la 1,520 hadi 1,530, na mara zote tatu ikasimama. Kwa macho ya leo, chini ya hapo palikuwa pamejaa stopu za waliokuwa wamenunua. Ijumaa ya 12 Aprili 2013 bei ikavunja, ikafunga wiki chini ya 1,500. Aliyesema "wamechota ukwasi, sasa inarudi juu" akanunua, alikutana na Jumatatu ya tarehe 15 ambapo dhahabu ilianguka kwa takriban asilimia 9 kwa siku moja, anguko ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 30 hivi. Bei iliendelea kushuka hadi karibu na 1,050 mwishoni mwa 2015. Haikurudi 1,520 hadi Agosti 2019.

Sasa linganisha na 9 Agosti 2021. Machi ya mwaka huo bei ilikuwa imegusa eneo la 1,680 mara mbili na kuinuka. Ijumaa ya 6 Agosti zilitoka takwimu za ajira za Marekani zilizokuwa na nguvu, dhahabu ikashuka hadi 1,760 hivi. Usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati Japani na Singapore wako mapumzikoni na wafanyabiashara wachache mno wako kazini, bei ikaporomoka hadi chini ya 1,700 kwa muda wa dakika, ikasogea hadi karibu na chini zile za Machi, kisha ikapanda na kumaliza siku juu ya 1,720. Hiyo ndiyo picha wanayoifundisha: eneo linaguswa, stopu zinafagiwa, bei inarudi.

Kwenye chati, mwanzo wa anguko la 12 Aprili 2013 na mwanzo wa lile la 9 Agosti 2021 unafanana. Kote ni mishumaa mirefu myekundu ikiingia kwenye eneo linalojulikana. Tofauti ilionekana baadaye, na ilionekana katika mambo mawili: saa na kufunga. Mwaka 2013 uuzaji ulitokea London na New York zikiwa wazi, mikataba ya dhahabu ikibadilishana kwa wingi, na siku ikafunga mbali chini ya eneo. Mwaka 2021 ulitokea saa ambazo soko ni jembamba, na siku ikafunga juu. Desemba 2023 nayo ilitokea saa nane usiku. Machi 2024 mvunjo ulijengwa mchana kweupe, siku baada ya siku, kila siku ikifunga juu kuliko ya jana.

Kwa hiyo kanuni ya kusubiri mshumaa wa siku ufunge nje ya eneo ni kanuni nzuri. Si kamilifu. Ijumaa ya 1 Desemba 2023 ilifunga kwenye bei ya juu kuliko siku yoyote iliyotangulia, na bado Jumatatu ikawa vile ilivyokuwa. Aliyenunua kwa kufunga kule alibeba maumivu hadi Februari, bei iliposhuka hata chini ya 2,000, ndipo Machi ikamlipa. Kama alikuwa na mtaji wa kubeba, alikuwa sahihi. Kama hakuwa nao, alikuwa sahihi na akaunti haipo.

Viashiria vyenyewe havilingani kwa manufaa. Vilivyo rahisi kabisa ndivyo ninavyoviheshimu zaidi: kilele na chini ya jana, kilele na chini ya wiki iliyopita, vilele vilivyolingana, na namba kubwa kama 2,000, 3,000 na 4,000. Havihitaji fomula. Vinaonekana na watu wengi, na kuonekana na watu wengi ndiko kunakovipa stopu. Mpaka wa bei za usiku wa Asia nao ni muhimu. Kuanzia kufunguliwa kwa soko hadi London inapoamka, saa nne asubuhi kwetu, au saa tano majira ya baridi ya Ulaya, dhahabu mara nyingi hukaa ndani ya uwanja mdogo. London ikifungua, upande mmoja wa uwanja huo mara nyingi huguswa kwanza.

Mikanda ya Bollinger inapima kitu kimoja vizuri: ubano. Wastani wa mishumaa 20, na mikanda miwili iliyo mbali nao kwa kiasi cha mtawanyiko mara mbili. Mikanda ikikaribiana, maana yake soko limetulia kuliko kawaida, na utulivu wa namna hiyo hauishi milele. Upande gani bei itatokea, mikanda haisemi. John Bollinger mwenyewe alionya kwamba hatua ya kwanza ya kutoka kwenye ubano mara nyingi ni ya kupotosha. Anayenunua kwa sababu mkanda wa juu umeguswa anakitumia chombo kufanya kazi ambayo mwenye chombo alikataza.

Mkondo wa Donchian, kilele na chini ya siku 20, ndio uliotumiwa na wanafunzi wa mfanyabiashara Richard Dennis huko Chicago kuanzia 1983, wale walioitwa Kasa. Walifuata mvunjo kwa kanuni. Hadithi yao husimuliwa kama ushindi wa mvunjo, na ni kweli walipata fedha nyingi, ila biashara zao nyingi zilikuwa za hasara. Waliokolewa na chache zilizokimbia mbali, na wangeweza kuzisubiri hizo chache kwa sababu walifanya biashara kwenye masoko mengi kwa pamoja: kahawa, dhahabu, sarafu, hati fungani. Mwenye XAUUSD peke yake hana kahawa ya kumfariji.

ATR, aliyoitoa Welles Wilder mwaka 1978 pamoja na kiashiria kingine, RSI, haionyeshi ukwasi wala mvunjo. Inasema tu bei hutembea kiasi gani kwa kawaida katika mshumaa mmoja. Na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote kwa mwenye akaunti ndogo, kwa sababu inamwambia kama stopu yake iko ndani ya kelele za kawaida za soko. Stopu ya dola 3 kwenye siku ambayo dhahabu inatembea dola 60 itaguswa hata kama uchambuzi wote ulikuwa sahihi.

Penye tatizo kubwa ni kwenye viashiria vya kiasi. Wasifu wa kiasi ni wazo zuri. Peter Steidlmayer alilijengea msingi katika soko la bidhaa la Chicago miaka ya 1980, akionyesha bei ambazo biashara nyingi zilifanyika na zile zilizopitwa haraka. Lakini Chicago biashara zote zilipita mahali pamoja, na zilihesabika. XAUUSD ya kwenye simu haipiti mahali pamoja. Kile ambacho MetaTrader inakionyesha chini ya chati kama kiasi ni idadi ya mara ambazo bei ya broka wako ilibadilika ndani ya mshumaa. Wakia ngapi zimeuzwa, hakisemi. Fungua broka wawili kwa wakati mmoja, uone vijiti vya kiasi visivyolingana kwa dhahabu ileile na dakika ileile. Anayechora kanda za ukwasi juu ya vijiti hivyo kwa usahihi wa senti anachora juu ya hesabu za broka mmoja. Anayetaka kiasi halisi atazame mikataba ya dhahabu ya soko la COMEX, ambayo mmoja wa kawaida ni wakia 100. Hiyo huhesabiwa na kutangazwa.

Tatizo la pili liko kwenye indiketa zinazojichora upya, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalouzwa zaidi. ZigZag ni mfano wa wazi. Inaonyesha vilele na mabonde kwa uzuri wa ajabu, kwa sababu mstari wake wa mwisho huhamishwa kila bei inapoenda mbali zaidi. Ukitazama chati ya mwezi uliopita, kila kilele kimepatikana. Ukitazama leo, kilele cha leo kitathibitishwa kesho kutwa. Indiketa nyingi za oda bloku, yaani kanda ambapo wakubwa hudhaniwa kuwa waliweka oda zao, na za kufagia ukwasi zimejengwa juu ya vilele vya aina hiyo. Picha ya skrini inayotumwa kwenye kundi siku zote ni ya mwezi uliopita. Kipimo chake ni rahisi: piga picha chati yako saa nne asubuhi, kanda zote zikiwa zimechorwa, kisha linganisha na chati ileile usiku. Kanda iliyofutika au iliyohama haikuwepo ulipoihitaji.

Hata mtu akishinda yote hayo, akachora maeneo vizuri, akasubiri kufunga, akaepuka saa za usiku, inabaki hesabu. Kwa mabroka wengi oda ndogo kabisa ya dhahabu ni loti 0.01, yaani wakia moja, gramu 31 na kidogo. Mchimbaji mdogo anaijua gramu 31 ni jasho kiasi gani. Dhahabu ikiwa dola 4,000, levereji ya 1 kwa 500 inamruhusu kijana wa Kigera kuzishika gramu hizo kwa dhamana ya dola 8. Kila bei ikisogea dola moja, akaunti yake inasogea dola moja. Kama ana dola 50, bei ikienda kinyume chake kwa dola 45 hivi, broka anamfungia. Siku ya 21 Oktoba 2025 dhahabu ilianguka kwa zaidi ya dola 200.

Tufuate kanuni wanayofundishwa wote, ya kutohatarisha zaidi ya asilimia 2. Asilimia 2 ya dola 50 ni dola moja. Kwa wakia moja, stopu inapaswa kukaa dola moja kutoka kwenye bei, na robo ya umbali huo inaweza kuliwa na spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, peke yake. Stopu inayofaa kukaa nyuma ya eneo la ukwasi, tuseme dola 15, inahitaji akaunti ya dola 750 ili kanuni isivunjwe. Kwa hiyo mwenye dola 50 anayefanya biashara ya wakia moja ameshaivunja kanuni kabla hajafungua indiketa yoyote. Hana uchaguzi ila stopu fupi inayolala palepale pa kufagiwa, au kutoweka stopu kabisa. Akaunti za senti, ambazo loti yake ni moja ya mia, zinaiweka hesabu hii sawa: dola 15 za umbali zinakuwa senti 15 za hasara. Faida nayo inakuwa senti, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, ingawa hapo ndipo wangejifunza kwa bei wanayoweza kuilipa.

Ulaya walilitazama jambo hili kwa takwimu. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara za aina hii hupoteza fedha. Ikaweka kikomo cha levereji: 1 kwa 30 kwa sarafu kubwa, 1 kwa 20 kwa dhahabu. Kwa kikomo hicho wakia moja ya dola 4,000 inahitaji dhamana ya dola 200, na mwenye dola 50 hafungui kabisa. Kenya ilitunga kanuni zake za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni mwaka 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikatoa leseni ya kwanza 2018. Kijana wa Musoma mara nyingi yuko na broka aliyeandikishwa Shelisheli, Mauritius au Saint Vincent, ambako si rahisi kumpata mtu wa kumpigia simu fedha zikikwama. Swali la leseni, kwangu mimi, linatangulia swali la Bollinger.

Utafiti wa Brazil unauma zaidi. Fernando Chague na wenzake waliwafuatilia watu walioanza biashara ya kila siku ya mikataba ya hisa kati ya 2013 na 2015. Miongoni mwa walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza. Hawa ndio waliovumilia na kufanya mazoezi, wale ambao wahamasishaji husema watafaulu. Uzoefu peke yake haukuwaokoa.

Je, mtu wa Kigera hana lolote la kupata kwenye chati? Analo, na kuna jambo moja ambalo jiografia imempa. Saa zenye soko nene, London asubuhi na New York jioni, zinamkuta macho. Takwimu kubwa za Marekani hutoka saa tisa na nusu alasiri kwetu, au saa kumi na nusu majira ya baridi. Mnada wa pili wa bei ya dhahabu wa London, ambao bei yake ndiyo inayotazamwa na wanunuzi wakubwa duniani, unafanyika saa kumi na moja jioni au saa kumi na mbili. Wa Tokyo au Los Angeles angezitamani saa hizo. Kuacha oda ya mvunjo ikingoja saa nane usiku, wakati soko ni jembamba na spredi imetanuka, ni kuitupa faida hiyo.

Ukitaka kujua kama maeneo yako yana maana, usianze na fedha. Kila asubuhi kabla London haijafungua, andika daftarini kilele na chini ya jana, na kilele na chini ya usiku wa Asia. Jioni andika ni kipi kiliguswa, saa ngapi, na mshumaa wa saa nzima ulifunga ndani au nje. Fanya hivyo robo mwaka, bila kufuta siku mbaya. Utagundua kwamba kuguswa kunatabirika kuliko kinachofuata baada ya kuguswa, na utakuwa umeligundua kwenye daftari lako mwenyewe, bila kulisoma kwa muuza kozi.

Na mwelekeo? Ulitoka nje ya chati. Machi 2024 dhahabu ilivunja ikiwa na benki kuu nyuma yake: kwa mujibu wa Baraza la Dhahabu Duniani zilikuwa zimenunua zaidi ya tani 1,000 mwaka 2022 na tena 2023, na soko lilikuwa likitarajia riba ya Marekani ishuke. Benki Kuu ya Tanzania yenyewe ilikuwa imeshaanza kununua dhahabu ya nchini, na baadaye, kuanzia 1 Oktoba 2024, wenye leseni za madini na wafanyabiashara wakatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa soko la ndani. Hakuna mstari wa Donchian uliokuwa na habari hizo. Mwenye duka la kununulia dhahabu mjini Musoma huenda alizisikia kabla ya mwenye indiketa.

Huyo mwenye duka ndiye ninayemfikiria ninapotazama wiki mbili za mwisho za Oktoba 2025. Tarehe 20 bei ilifika juu ya 4,380. Tarehe 27 ikavunja 4,000 kwenda chini, siku iliyofuata ikafika chini ya 3,900, na kabla ya mwezi kwisha ilikuwa imerudi juu ya 4,000. Namba kubwa kuliko zote hadi wakati huo ilifagiwa, na kufagia kulichukua siku, si dakika. Kila aliyenunua kwa levereji akaweka stopu chini kidogo ya 4,000 alitolewa, na asiyeweka stopu akiwa na dola 50 alitolewa na broka. Aliyekuwa na gramu 31 kwenye kasha, alizozinunua kwa fedha yake mwenyewe, alikuwa bado nazo Ijumaa ya tarehe 31.